Mikoko itaota, itaoteshwa au itafufuliwa? Neno moja la Kiingereza lililonishinda mbele ya wanakijiji

#1 Mchapaji wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kutwa. Naomba tukae kidogo kwenye neno moja. Limenisumbua wiki mbili sasa, na nadhani wapo wengine limewapita bila kujua.

Nina kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Mikindani. Watu huniletea pia karatasi za Kiingereza niwatafsirie: barua, vyeti, maelezo ya dawa. Mwezi uliopita nililetewa muhtasari wa kurasa 6 wa mradi fulani wa mazingira, usomwe kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha pwani kusini mwa mji wa Mtwara. Jina la mradi na la kijiji nayahifadhi. Ndani ya kurasa hizo neno "regeneration" lilirudi mara 11. Nikafungua kamusi, nikakuta "kuzaliwa upya", nikaliweka mahali pote 11. Nikaona kazi imekwisha.

Siku ya mkutano nilikwenda mwenyewe. Tumekaa chini ya mwembe, mtendaji anasoma: "Mikoko itazaliwa upya ndani ya miaka mitano." Bibi mmoja, mwokota chaza, rika la marehemu mama yangu, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanangu, mikoko yenyewe imekatwa yote upande ule. Nani ataizaa?" Hakuna aliyecheka. Watu walinyamaza wakingoja jibu la kweli, na mtendaji akageuka kunitazama mimi. Sikuwa nalo.

Baada ya mkutano yule bibi aliniita. Maji yalikuwa yametoka. Tukavua viatu tukashuka topeni, akanionyesha visiki viwili, havipishani hata hatua ishirini. Cha kwanza kilikuwa cha mchu, ule wenye mizizi midogo inayochomoza topeni kama penseli zilizosimamishwa. Kilikatwa usawa wa goti, na pembeni mwake yametoka machipukizi kama kumi hivi, majani mabichi kabisa. Cha pili kilikuwa cha mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kuegemea kama miguu ya buibui. Kikavu. Ukikigonga kinalia kama kuni. Akasema mchu ukiukata unarudi, lakini mkoko ukiukata chini ya majani umeua, hautoi jicho jipya hata ungoje miaka.

Nimesoma baadaye nikaona bibi yuko sahihi neno kwa neno. Jamii ya mkoko haina uwezo wa kutoa macho mapya kwenye mti mkongwe. Mchu unao, na mlilana pia, aina nyingine ya mti wa mikoko. Mkoko una njia yake nyingine: mbegu yake huota ikiwa bado imening'inia juu kwa mamaye, ikatoa mche mrefu kama mkuki mdogo, kisha ndiyo ikadondoka. Ukichoma topeni unasimama, ukikosa unaelea na maji mpaka upate pa kushika. Kwa hiyo mkoko kweli "huzaliwa", lakini sharti mama awe hai mahali karibu. Upande ule hakuna mama. Swali la bibi lilikuwa hilohilo, na mimi nilidhani ananihoji lugha.

Niliporudi nikapitia zile sehemu 11 upya. Nilikuta neno moja linabeba mizigo isiyofanana. Mahali pengine ni mikoko. Mahali pengine ni pweza na samaki miambani. Ukurasa wa nne ni soko la samaki na majengo ya zamani. Ukurasa wa mwisho ni "fikra na maadili ya vijana". Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna kuzaa: kuzaa tena. Waingereza wamelichukua wakalitandaza juu ya kila kitu kinachorudi, na kwao linakaa vizuri kwa sababu halimtaji mtenda. Jambo linarudi tu. Nani karudisha, hulazimiki kusema.

Kiswahili kinakulazimisha. Ukisema mti utaota, kazi ni ya mti. Ukisema utaoteshwa, kuna mkono wa mtu, na mtu huyo anaweza kuulizwa. Utachipua: basi kuna kisiki kilichobaki hai. Utafufuka: ulikwisha kufa. Utafufuliwa: ulikufa na yupo mwenye uwezo wa kuunyanyua. Utazaliwa: yupo mzazi. Kiambishi kimoja cha mwisho wa kitenzi kinabadilisha nani awajibike, na mimi nilikipachika mara 11 bila kufikiri, kwenye karatasi ambayo watu waliipigia kura.

Nataka kuirekebisha karatasi ile kabla ya mkutano ujao. Nawaomba wenye kazi zao, wavuvi, wakulima, wauguzi, watu wa dini, mniambie: kwenu kitu kinachorudi mnakiitaje, na kinarudije?

#2 Nahodha wa Msimbati

Salaam mkuu. Uzi mzuri huu. Nakujibu ya baharini.

Kaa koko akinyofoka gando, haoti gando papo hapo. Hungoja mpaka ajivue gamba, ndipo gando jipya linatoka, dogo, na kila akijivua linakua kidogo mpaka lilingane na mwenzake. Ndiyo maana unakuta kaa ana gando moja la kiume na jingine kama la mtoto. Sisi tunasema "gando limeota". Kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, akikatika mkono unaota. Pweza mwenyewe akinyang'anywa mkono na mkunga, unaota na vikombe vyake vyote. Jongoo bahari ndiye kiboko: akibanwa sana hutema matumbo yake nje, akaenda zake, na baada ya wiki kadhaa ana matumbo mapya ndani. Wazee walinionyesha nikiwa mdogo, nikadhani amekufa.

Hapo angalia jambo. Mkono wa pweza unaota, lakini pweza wa mwambani hawaoti. Nikikwambia "pweza wamerudi", sisemi mikono. Nasema mwamba ulikuwa mtupu na sasa una watu wake. Jike la pweza hutaga mara moja katika maisha, hulinda mayai shimoni bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Watoto huchukuliwa na maji. Kwa hiyo mwamba hujazwa na watoto waliotoka kwingine, na pweza hukua upesi mno, maisha yake yote ni mwaka na kidogo. Ndiyo maana Songosongo kule Kilwa wamekuwa wakiufunga mwamba kwa miezi kadhaa kisha wanaufungua siku moja. Hakuna aliyezaa pale wala aliyefufua. Wamengoja.

Kwenye karatasi yako upande wa pweza andika "miamba ijae tena". Neno kujaa kila mvuvi analielewa.

Ila usiandike hivyo kwa mwamba uliopigwa baruti. Ule tumbawe limegeuka kokoto, na kokoto zinaviringika na mawimbi. Kitoto cha tumbawe kinataka mahali palipotulia kishike. Kikikaa juu ya kokoto kinasagwa. Nimezamia sehemu zilizopigwa nikiwa kijana, leo nina wajukuu, bado ni kokoto.

#3 Mama Korosho, Tandahimba

Kaka Mchapaji, pole na hongera kwa kwenda topeni. Wengi wangefuta neno ofisini.

Mimi nina mikorosho aliyoiacha babu. Mnajua historia ya zao hili: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000, na kufika 1986/87 ilikuwa imeporomoka chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mashamba mbali, bei ikawa mbovu, halafu mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika maua kwa unga mweupe. Mashamba yakawa pori. Babu alikuwa anasema "korosho imekufa". Kisha watafiti wa Naliendele wakafundisha salfa na mbegu bora, na msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000. Sasa mtu akiandika korosho "imefufuka", mimi nakasirika. Haikufufuka. Ilifufuliwa na watu waliodamka kupuliza salfa alfajiri unga ukiwaingia machoni, mama yangu akiwa mmoja wao.

Kuhusu mti wenyewe. Mkorosho mzee usiozaa tunaukata ubaki kisiki, kati ya nusu mita na mita moja. Kinachipua kwa fujo. Machipukizi unayapunguza, unabakiza machache yenye nguvu, halafu unabebesha: unachukua kikonyo cha mkorosho bora unakiunganisha kwenye chipukizi. Kikishika, una mti wenye mizizi ya babu na kichwa kipya. Hausubiri miaka mingi kuzaa kama mche, kwa sababu mizizi iko chini tayari.

Hapo unasemaje? Mti umezaliwa upya? Mizizi ni ileile. Umefufuliwa? Haukufa. Sisi tunasema tu "nimeubebesha". Nakubali kwamba ni neno la kazi, lakini linasema ukweli wote: kuna aliyebeba na kuna aliyebebeshwa.

#4 Muuguzi wa Sokoine Lindi road

Nitaongea machache ya mwili, maana hapa watu huwa wanadanganywa na matangazo ya dawa "zinazorudisha ini".

Ini ni kweli lina uwezo mkubwa. Panya waliokatwa theluthi mbili ya ini katika majaribio, ini lao lilirudia ukubwa wake kwa muda wa siku 7 hadi 10. Binadamu hutoa sehemu ya ini lake kumpa ndugu, na lake likarudi ukubwa unaotosha mwili kwa wiki na miezi. Lakini, na hili ndilo nataka ndugu Mchapaji alione, kipande kilichokatwa hakioti tena. Umbo la zamani halirudi. Kinachotokea ni kwamba sehemu iliyobaki hujaza, chembe zake hugawanyika na kuongezeka mpaka uzito utoshe. Kwa hiyo ini halioti kama gando la kaa. Linajaza, kama mwamba wa nahodha.

Na likiumizwa kila siku kwa miaka, iwe pombe au homa ya ini ya virusi, linachoka kujaza na kuanza kuweka makovu. Kovu ni kuziba, na kuziba huku si kurudi.

Ngozi nayo. Mtoto akiungua na chai juujuu, ngozi hurudi bila alama, kwa sababu mashina ya vinyweleo chini yapo hai na chembe mpya hutokea humo. Akiungua mpaka ndani, mashina yale yamekufa, na hapo ni kovu au kupandikiziwa ngozi. Nilipokuwa nasoma habari ya visiki viwili vya yule bibi nilimkumbuka mtoto mmoja wodini. Mama yake aliuliza swali hilohilo kwa maneno mengine: "Ngozi itarudi?" Tulimjibu "itapona". Kupona na kurudi ni vitu viwili, na hatukumwambia.

#5 Mchapaji wa Mikindani

Dada Muuguzi, asante sana. Nimelinakili hilo la kupona na kurudi. Mama Korosho, la kufufuka na kufufuliwa umelipigilia msumari. Nahodha, "kujaa" naichukua kama ilivyo.

Nangoja watu wa dini, maana ukurasa wa mwisho wa vijana unanitisha kuliko mikoko.

#6 Mkatekista wa Ndanda

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, neno hilo kwetu ni zito na ni la zamani kuliko miradi.

Katika Agano Jipya la Kigiriki lipo neno *palingenesia*, maana yake kuzaliwa tena. Limetumika mara mbili tu. Mara moja ni Tito 3:5, na Biblia yetu ya Kiswahili imesema "kuzaliwa kwa pili". Mara nyingine ni Mathayo 19:28, na hapo watafsiri hawakuandika kuzaliwa, waliandika "ulimwengu mpya". Neno lilelile. Waliona kwamba mtu huzaliwa, lakini ulimwengu wote ukisema umezaliwa, msikilizaji wa Kiswahili atauliza kama yule bibi: na nani? Kwa hiyo usijisikie vibaya kwa kukosa neno moja la mahali pote 11. Waliokutangulia hawakulipata pia, na waliokuwa wakitafsiri ni neno la Mungu.

Kuzaliwa ni kitenzi cha kutendwa. Hakuna ajizaaye. Nikodemo, alipoambiwa na Yesu azaliwe mara ya pili, alishangaa hapohapo. Kwetu sisi mzazi ni Roho, na mtu hupokea. Sasa karatasi ya mradi ikiandika vijana "watazaliwa upya" kwa semina ya siku tatu, nauliza kwa heshima: mzazi ni nani? Mwezeshaji? Neno lile lina mwenyewe. Andika vijana watafundishwa.

#7 Shehe mdogo, Kilwa Masoko

Assalaam alaykum. Namuunga mkono mzee Mkatekista, na nina nyongeza kwa upande wetu.

Neno "kuhuisha" tunalolitumia sana lina asili ya Kiarabu, lina uhai ndani yake. Qurani inarudia sana mfano wa ardhi iliyokufa, mvua ikashuka, ikatikisika na kuotesha, na mfano huo umewekwa kuwa hoja ya kufufuliwa wafu. Mwenye kuhuisha hapo ni Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kuna pia mlango wa kuhuisha ardhi mfu, yaani ardhi isiyo na mwenyewe wala manufaa, na hadithi ya Mtume inasema mwenye kuihuisha ni yake.

Sasa ndugu Mchapaji, hapa ndipo pa hatari, nakuomba uwe macho. Ukiandika kwenye karatasi rasmi kwamba pwani ile "imekufa" na mradi "utaihuisha", kuna mzee atakayesikia kwamba atakayehuisha atamiliki. Mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali, na tope lile ni mahali ambapo akina mama wanaokota chaza. Limekatwa miti, lakini halijafa. Usiite mfu kitu ambacho watu wanakula kutoka humo.

#8 Dereva wa Mtwara–Songea

Mimi nina la haraka. Malori mapya yana chujio la moshi kwenye ekzosi. Likijaa masizi, gari lenyewe hupandisha joto hadi karibu digrii 600 na kuyachoma, na kwenye dashibodi inaandikwa neno lako hilohilo. Madereva tunaita "gari linajichoma". Ukizima injini katikati kila mara kwa sababu ya safari fupifupi za mjini, chujio linaziba kabisa na ni gharama. Hakuna kilichozaliwa wala kufufuka. Linajisafisha tu.

Na magari ya umeme ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta, umeme unarudi kwenye betri. Hilo nalo wanaliita jina linalofanana. Mteremko wa Newala ungejaza betri vizuri.

#9 Binti Masasi

Shikamooni wakubwa. Naongeza moja ambalo sijaliona. Jando na unyago.

Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, mtoto akitoka kumbini hutoka na jina jipya, na lile la utotoni hatakiwi kuitwa tena. Kaka yangu nilimwita kwa jina la zamani bila kukusudia, bibi alinikemea mpaka nikalia. Ya ndani ya kumbi si ya kuandikwa hapa na sitayaandika. Ila la nje kila mtu analiona: analetwa mtu, watu wanapiga vigelegele kama kuna mtoto amezaliwa, wanamtambulisha kwa mama yake mwenyewe.

Mkatekista ameuliza mzazi ni nani. Kwetu mzazi wa mara hiyo ni kijiji kizima. Kwa hiyo kama karatasi inataka kuongea habari za kuwafanya vijana wapya, wenyeji tayari wana njia yao na wana walimu wao. Wangeulizwa kwanza.

#10 Bwana Miti (mstaafu)

Nimesoma yote. Nimefanya kazi ya misitu muda mrefu, Liwale na Nachingwea. Nina ubishi na mwanzisha uzi, aupokee kwa moyo mweupe.

Umesema ukiandika "utaota", kazi ni ya mti. Sisi maofisa wa misitu tumekuwa tukiandika "uoto wa asili" na "miti itaota yenyewe" kwenye mipango yetu, na nimeona madhara yake. Watu wakisikia "yenyewe" wanaondoka. Ng'ombe wanaingia, moto wa mwezi wa Septemba unapita, mchoma mkaa anarudi kwenye machipukizi yenye unene wa kifundo cha mkono. Baada ya miaka kumi tunasema ardhi imechoka.

Miombo haichoki kirahisi. Ukiukata, visiki na mizizi hutoa machipukizi mwaka uleule. Mninga una tabia ya ajabu: mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, miaka mingi mfululizo, huku chini ukinenepesha mzizi. Siku mzizi umetosha ndipo unapanda juu usirudi nyuma. Mtu asiyejua anaona kijiti kilichokufa na kukilima.

Mwaka 1983 huko Niger, Mwaustralia Tony Rinaudo, ambaye miche yake mingi ya kupandwa ilikuwa inakufa, alitambua kwamba vichaka vilivyojaa mashambani ni miti iliyokatwa inayojaribu kurudi. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache kwenye kila kisiki na kuyapunguzia wenzake. Inahesabiwa kuwa takriban hekta milioni 5 zimerudi kuwa na miti kwa njia hiyo. Dodoma njia hiyohiyo inaitwa Kisiki Hai, na jina hilo nalipenda kuliko yote yaliyotajwa kwenye uzi huu. Haoti mtu, haoteshi mtu. Anaacha, anachagua, anapogolea, analinda.

Kwa hiyo orodha yako ya vitenzi ina pengo. Kati ya kuota na kuotesha kuna *kulea*. Yule mchu wako wa kwanza wenye machipukizi kumi, nani anaulea? Kama hakuna, mwakani nenda ukaangalie.

Na nyongeza moja juu ya mkoko. Msikubali mradi wowote unaotaka kupanda mkoko kule chini kabisa kwenye tope wazi kwa sababu tu hapana watu na ni rahisi kuchoma miche. Pale maji yanakaa muda mrefu mno kwa mche mchanga. Kama hapakuwa na mkoko zamani, kuna sababu. Ulizeni wazee mstari wa miti ulikuwa unaishia wapi.

#11 Mchapaji wa Mikindani

Mzee wangu Bwana Miti, shikamoo. Umenishinda na nimefurahi kushindwa. Neno kulea lilikuwa mdomoni mwa yule bibi siku ileile. Nilipomuuliza kwa nini kisiki cha mchu hakikung'olewa, alisema "huu naulea, ndipo chaza zangu zinaposhika." Nilisikia habari ya chaza, neno lenyewe likanipita.

Nimeisoma upya karatasi yote usiku wa jana. Ukurasa wa nne, wa soko na majengo, niliuacha mwisho kwa sababu hapo nina langu la kusema. Naishi Mikindani. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikuwa gofu, likakarabatiwa, likawa hoteli, na leo limesimama imara. Nyumba za mawe za mitaa ya chini bado nyingi zinaanguka: boriti za mikoko zimeliwa, chokaa imebanduka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ukuta huimarishwa, jengo hukarabatiwa. Mji ni watu wanaofungua milango asubuhi. Karatasi ilisema soko "litazaliwa upya" kwa kujenga paa na sakafu. Nimeandika: "Soko litajengewa paa na sakafu." Kama wachuuzi watarudi, watarudi kwa bei na kwa barafu, na hayo hayamo kwenye kurasa 6.

Haya ndiyo niliyobadilisha, naombeni mnisahihishe:

Palipokuwa "mikoko itazaliwa upya", nimegawa. "Visiki vya mchu na mlilana vilivyo hai vitalelewa na kikundi cha kijiji, hakuna kukata machipukizi." Kisha: "Mkoko utapandwa kwa miche iliyookotwa chini ya miti mama, ndani ya mstari watakaouonyesha wazee." Nimeacha majina ya watakaolea wazi, kijiji kijaze chenyewe.

Palipokuwa "pweza watazaliwa upya": "Mwamba utafungwa ili pweza wajae tena." Muda wa kufunga nimeuacha wazi nao, maana Kiingereza hakikuutaja.

Matumbawe ya eneo lililopigwa baruti: karatasi iliahidi "kuzaliwa upya" miaka mitano. Nimeandika kile Kiingereza kinachosema, kisha pembeni nikaweka alama kwamba wavuvi wa eneo wana shaka na wanataka waelezwe. Sikuona haki kumwekea mwandishi maneno ambayo hakuyasema, wala kuficha ya nahodha.

Pwani "iliyokufa" nimeandika "iliyokatwa miti". Asante shehe.

Vijana: "watafundishwa". Na nimeongeza swali kwa mtendaji kama walimu wa jando na unyago wameshirikishwa. Binti Masasi, hilo ni lako.

Nimerudisha fedha niliyolipwa kwa tafsiri ya kwanza. Mtendaji alikataa kuipokea, nikamwambia basi inunue kopi za kutosha ili kila kitongoji kiwe na yake.

#12 Nahodha wa Msimbati

Sawa kabisa mkuu. Sahihisho moja: usiandike "mlilana" na "mchu" kwa pamoja kama ni kitu kimoja. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa kwenye maji, na ndio tunaouchongea mataruma, zile mbavu za madau. Wakisoma pamoja, fundi atasema hakujua unamhusu. Upe sentensi yake.

Vipi, visiki mmevihesabu?

#13 Mchapaji wa Mikindani

Nimeutenga, nahodha. Sentensi yake sasa inamtaja fundi.

Hatujavihesabu. Bibi amesema tungoje bamvua, maji yatoke mbali tufike mpaka upande wa pili wa mkono wa bahari. Amekwisha kuchana vitambaa vya kanga kuukuu vya kufunga kwenye visiki vilivyo hai. Mwezi unaandama Alhamisi. Ijumaa asubuhi nafunga duka, nashuka naye.